Dhahabu Iliyopotea Siku ya Hina

Leila alifungua kitambaa cheupe mbele ya rafiki zake akakikuta kitupu. Alikikung'uta, akakikung'uta tena, kana kwamba mkufu, bangili mbili na hereni za marehemu bibi yake vingeweza kunasa kwenye nyuzi. Ilikuwa Jumamosi, saa moja jioni, katika nyumba ya kupanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya mji wa Kalemie. Arusi yake ilikuwa Ijumaa.

"Nani alifungua valizi yangu?" aliuliza, akigeukia sanduku lake la nguo.

Walikuwa wanawake wanne chumbani humo. Leila mwenyewe alikuwa mkunga, binti wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliovuka ziwa zamani kutoka Ujiji. Fatouma alikuwa binamu yake. Précieuse, mshonaji mwenye duka la nguo mjini, alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Wa nne, Gracieuse, alikuwa mjane kijana aliyekimbia vita upande wa Kongolo akaishia kambini Katanika. Leila ndiye aliyemzalisha miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo hawakuachana.

Kila kiangazi, shule zikifungwa na upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana kutwa, marafiki hawa walikuwa wakitoroka mjini kwa siku chache. Walipika pamoja, walikula sinia moja, waliogelea na kuwasengenya waume wa watu mpaka mbavu ziwaume. Safari hii walikuwa na jambo kubwa zaidi, hina ya bibi arusi, na asubuhi ile ile Leila alikuwa amewaonyesha dhahabu hiyo kipande kwa kipande. Haikuwa ya kuuza wala ya kuazima. Kila binti wa ukoo aliivaa siku ya arusi yake, kisha akairudisha, na wa kwanza kuivaa alikuwa bibi yake huyo, Bibi Salha.

"Tufungue sakoshi zote," alisema Fatouma, akionyesha mikoba yao. "Kila mutu aone."

Walifungua ya Leila, kisha ya Fatouma, kisha ya Précieuse. Hapakuwa na kitu. Katika ya Gracieuse, chini ya fulana ndogo aliyomnunulia mwanawe, palikuwa na hereni moja.

Précieuse alishika mdomo, akaanza kulia. Fatouma alirudi nyuma hatua moja. Leila aliitazama hereni, akamtazama Gracieuse.

Mlinzi wa nyumba, Papa Norbert, alitumwa kuita polisi. Walikuja wawili, wanaume, wakapekua vyumba na mizigo, wakachungulia hata ndani ya gunia la makaa. Vipande vingine havikuonekana. Waliwaambia watatu waliobaki wasiondoke, wakaenda na Gracieuse.

Tuseme haki, mambo yalimwelemea Gracieuse. Mchana ule, baada ya chakula, mpakaji hina aitwaye Mama Chadia aliwapaka wenzake watatu mikono na miguu, na mtu mwenye hina mbichi hashiki kitu bila kukichafua. Kitambaa kilichofunga dhahabu kilikuwa cheupe pee, hakina hata alama. Kwa hiyo kilifunguliwa na mikono mitupu, na mikono mitupu kati ya wanawake wale ilikuwa ya Gracieuse peke yake. Halafu alikuwa maskini wa kambini, jambo ambalo hakuna aliyelitaja na kila mtu alilifikiria. Hesabu nyepesi namna hiyo humfurahisha sana polisi aliyechoka.

Haikumfurahisha Inspekta Bertille. Huyu alikuwa afisa wa upelelezi, OPJ kama wanavyoitwa huko, Mbembe kutoka kaskazini mwa ziwa, mwanamke wa maneno machache aliyeolewa na Djafari, mfanyabiashara wa hapo hapo Kalemie. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa wake. Akipewa kesi iliyokwisha pikwa na kupakuliwa, hurudi jikoni kuchungulia sufuria.

"Kesho asubuhi huyo mwanamuke anaenda parke, mbele ya mwendesha mashitaka," mkubwa wake alimwambia Jumapili kwa simu. "Andika tu ripoti."

"Leo bado ni leo, shefu," alijibu Bertille, akaenda mahabusu.

Gracieuse alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani. Alisimama haraka alipomwona.

"Keti, Mama. Niambie jana baada ya kula."

"Tulikula samaki kuhe wa kuchoma, bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mi njo nilibaki na masufuria. Nilikuwa nyuma ya nyumba, naosha na maji ya ziwa."

"Mbona wewe hukupakwa hina?"

"Mama Chadia alisema nitakuwa wa mwisho, nikimaliza vyombo. Kisha wakamuita kwake, kuna mugeni. Akaenda. Sikupata."

Aligeuza viganja vyake juu. Vilikuwa vitupu.

"Uliingia ndani?"

"Mara moja tu. Précieuse alisema upepo unamuumiza kichwa, anataka kulala. Nilimufunga sashé za plastiki mu mikono na mu miguu, asichafue shuka, nikamushika kiwiko, nikamupeleka ku kitanda. Nikarudi ku masufuria yangu."

"Alikuwa amekaa na hina muda gani?"

"Muda gani? Ilikuwa bado maji-maji, Mama. Mama Chadia alikuwa ameachia mukono yake sasa hivi, anaanza Fatouma."

"Na valizi ya Leila ilikuwa wapi?"

"Mu chumba hicho hicho. Kuna chumba moja tu ya kulala, tulilala bote pamoja."

"Sakoshi yako?"

"Pia mule."

Mahabusu palinuka unyevu na sabuni ya bei rahisi, na nje mtu alikuwa akisikiliza misa kwenye redio.

"Hereni ilifikaje ndani ya sakoshi yako?"

"Kama ningejua ningesema. Mama, mutoto yangu iko kwa jirani, kule Katanika. Nilimuahidi narudi leo. Kama wananipeleka gereza, nani atamuchukua? Batu wa kambi watamuambia mama yako ni mwizi. Mi sina kitu ingine, nina jina yangu tu."

Bertille hakumwahidi chochote, maana ahadi za polisi ni nyepesi. Lakini alitoka pale na moyo mzito, akapanda pikipiki kwenda ufukweni.

Alianzia mlangoni. Papa Norbert, mlinzi, alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua katikati ya kiangazi, na alijibu kabla ya kuulizwa.

"Mi sikutoka hapa jana, Mama OPJ. Kutwa nzima, niko ku mulango."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Mama Chadia alipokuwa anaondoka nani alimfungulia?"

Norbert alikohoa. Alitazama ziwa, akatazama viatu vyake.

"Pengine nilikwenda kidogo kwa jirani."

"Kidogo namna gani, Papa?"

"Kulikuwa mechi ku telefone ya Gauthier, muvuvi wa pale. Tuliangalia kipindi ya kwanza. Ya pili nilirudi. Usiandike hiyo, mwenye nyumba atanifukuza."

Bertille alivuka hadi kwa jirani. Gauthier, aliyekuwa akishona wavu, alithibitisha, akaongeza kwamba Norbert alishangilia timu isiyo yake. Hata hivyo shaka haikumwisha Bertille. Mtu anayedanganya juu ya mpira anaweza kudanganya juu ya dhahabu, na kipindi cha pili alikuwa peke yake. Alirudi kwa mlinzi.

"Uliporudi uliona nini?"

"Kitu hapana. Bibi arusi na binamu yake wako barazani. Gracieuse iko nyuma, nasikia masufuria. Nilizunguka nyumba. Ah, maji tu."

"Maji gani?"

"Ilikuwa inatoka ku bomba ya bafu, inaingia mu muchanga. Chafu-chafu, rangi ya majani, kama maji ya sombe. Nilifikiri Gracieuse anamwanga maji ya sufuria ndani ya bafu. Mwenye nyumba hapendi hiyo."

"Ulimwona Gracieuse bafuni?"

"Apana. Si nimesema alikuwa nyuma?"

Bertille aliandika maneno hayo vile vile, akaenda barazani.

Fatouma alikuwa pale, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Hina yake ilikuwa imekolea vizuri, nyekundu ya kuelekea weusi, na kucha zake zilionekana kama zimechovywa damu ya mzee. Bertille aliisifu. Fatouma hakutabasamu.

"Mnanishuku mimi, si ndiyo? Juu mama yangu alisema dhahabu ingekuwa yetu."

"Mi sijasema kitu. Sasa umesema wewe."

Fatouma alijiuma mdomo. Basi akaeleza. Mama yake alikuwa mtoto mkubwa wa Bibi Salha, na bibi alipofariki, dhahabu ilibaki nyumbani kwa kina Leila. Kwenye msiba wazazi wao walizozana mbele ya wageni. Tangu siku hiyo mama wa Fatouma na mama wa Leila, mawifi, walisalimiana kwa mbali.

"Na wewe?"

"Mi niliivaa ku arusi yangu, nikairudisha. Ningetaka kuiba, ningeiba siku hiyo, iko shingoni yangu!"

"Jana uliondoka barazani?"

"Na miguu gani? Nilikaa hapa na Leila mpaka magharibi. Muulize."

"Leila amesema alisinzia," alisema Bertille, ingawa hakuwa bado amezungumza naye. Alikuwa amebahatisha, aone Fatouma atajibuje.

Fatouma aliinua kichwa, macho yakawaka. "Alisinzia, ndiyo, kichwa juu ya bega yangu. Kama ningesimama angeanguka. Mama OPJ, unatafuta mwizi ao unatafuta maneno?"

Bertille alilipenda jibu hilo kuliko alivyoonyesha. Aliuliza swali moja tu zaidi: mezani walizungumza nini?

"Furaha tu. Leila alitangaza marene, musimamizi wake wa arusi. Alitoa kikwembe, kitenge cha marene, cha rangi ya dhahabu, sisi bengine tuna cha bluu. Akamupatia Gracieuse. Gracieuse alilia. Précieuse alipiga makofi mbele ya bote, akapiga vigelegele mpaka wavuvi walituangalia."

"Na wewe?"

"Mi nilishangaa," alisema Fatouma waziwazi. "Nilijua itakuwa Précieuse. Kila mutu alijua."

Leila alikuwa ndani, ameketi kando ya valizi iliyo wazi. Macho yalikuwa mekundu, na viganja vyake vyenye hina iliyoiva vilikuwa vimelala mapajani kama si vyake. Alithibitisha yote: alisinzia begani kwa Fatouma, akaamka hapo hapo.

"Jioni mulitoa hina namna gani?" aliuliza Bertille.

"Tuliipangusa barazani, mi na Fatouma, tukapaka mafuta kidogo. Précieuse alijipangusa mwenyewe kule bafu. Alikuwa ameamuka sasa hivi."

"Unaamini ni Gracieuse?"

Leila alikawia kujibu, na kukawia kule kulimuuma Bertille kwa niaba ya mwingine.

"Sijui. Hereni ilikuwa mu sakoshi yake. Nyumbani banasema: tulikuambia, mutu wa kambi. Mama mukwe amesikia tayari. Nifanye nini, Mama? Nifunge macho?"

"Ungeweza kumuuliza," alisema Bertille, akatoka.

Bertille alimkuta Précieuse jikoni, naye akamsukumia kiti. Alikuwa mwanamke mrembo, mchangamfu hata katika huzuni, na tayari alikuwa amechemsha chai ya mchaichai na kupanga mandazi kwenye sahani. Kikombe alikileta kwa mikono miwili, kwa heshima. Ndani ya kila kiganja palikuwa na ua moja, limechorwa kwa ufundi, la rangi ya papai. Kisha aliketi mkekani, akakunja miguu upande, nyayo nje. Maua ya miguuni yalikuwa meusi-mekundu.

"Pole na kazi, Mama. Sisi bote hatukulala."

"Asante. Jana ulikuwa unaumwa."

"Kichwa. Upepo wa ziwa wa hii miezi unaniua. Gracieuse alinilalisha, maskini. Nikalala kama jiwe."

"Ulisikia mtu akiingia?"

Précieuse aliteremsha macho. "Sitaki kumuongezea mizigo. Nilisikia mulango. Nilifikiri ni yeye anakuja kuniangalia. Sikufungua macho."

"Hukuamka kabisa? Kunywa maji, kwenda msalani?"

"Na sashé mu mikono, Mama? Nilivaa sashé mpaka magharibi. Hata pua iliniwasha nikavumilia tu." Alicheka kidogo, akajifuta chozi. "Leila anaumia. Nimemuambia: masheri, mupenzi yangu, mi niko hapa, tutaitafuta pamoja, tutaipata kabla ya arusi. Moyo wangu unaniambia tutaipata."

"Moyo wako unasema itapatikana wapi?"

"Ah, mi nitajua wapi?" alisema Précieuse, akamsogezea mandazi.

Bertille alikula moja. Lilikuwa zuri. Alishukuru, akateremka mpaka mchangani, mbali na masikio, akampigia Mama Chadia.

"Bakuli ya hina ilikuwa ngapi, Mama?"

"Moja tu! Niliichanganya mi mwenyewe, na ndimu na sukari. Kuna mutu amelalamika?"

"Hapana. Ulianza na nani?"

"Bibi arusi. Kisha ule mushonaji, Précieuse. Kisha Fatouma."

"Précieuse alikuwa amepakwa kabla ya siku hiyo?"

"Njo mara yake ya kwanza, alikuwa anacheka inamutekenya. Nilimuambia asitoe mpaka magharibi."

"Ulimweleza kwa nini?"

"Nani anaelezaka hiyo, Mama? Kila mutu anajua," alisema Mama Chadia kwa mshangao wa kweli.

Bertille alikata simu akasimama kidogo akitazama maji. Kisha akawasha pikipiki. Ilipofika saa kumi alirudi na afisa mwenzake wa kike aitwaye Daniella, na kati yao Gracieuse, kanga kichwani, hana pingu. Aliwaita wote barazani, Norbert pia. Leila alisimama alipomwona Gracieuse, halafu akaketi tena. Gracieuse alikaa mwisho wa mkeka, karibu na ngazi.

"Tangu jana munauliza: nani alikuwa na mikono mitupu?" alianza Bertille. "Kitambaa hakina alama ya hina, basi ni mutu asiyepakwa. Ni fikira nzuri. Aliyeweka hereni mu sakoshi aliitegemea. Lakini mikono yenye hina inaweza kuoshwa."

"Nani aliosha?" aliuliza Fatouma. "Jioni bote tulikuwa na sashé."

"Sashé uliziona. Hina ndani yake uliiona?"

Fatouma alitazama mikono yake mwenyewe.

"Papa Norbert, kipindi cha pili cha ile mechi yako, uliona nini kwenye bomba la bafu?"

Norbert alimtazama kwa lawama, kwa kuwa siri yake ya mpira ilikuwa imetoka. "Maji ya kijani," alinung'unika.

"Gracieuse alioshea vyombo nje, nyuma ya nyumba. Leila na Fatouma hawakuondoka hapa. Hata wangetaka, mmoja alikuwa mto wa mwenzake. Ndani ya nyumba alikuwa mutu mmoja." Bertille hakumwangalia aliyekusudiwa. "Naomba kitu kidogo. Mliopakwa, wekeni viganja juu ya mkeka, kando ya miguu yenu."

Leila aliweka. Fatouma aliweka. Précieuse alicheka.

"Mama OPJ, tuko watoto wadogo wa shule ya maternel?"

"Weka tu, Mama Précieuse."

Aliweka. Viganja vinne vilikuwa vyeusi-vyekundu. Viwili vilikuwa vya papai.

"Njo ngozi yangu," alisema Précieuse haraka. "Ngozi ya kila mutu si sawa. Mi sijawahi kupakwa, pengine haishiki."

"Nilifikiria hivyo pia. Kwa hiyo niliangalia miguu. Miguu ni ya nani?"

Macho yote yaliteremka kwenye nyayo za Précieuse, kwenye maua yaliyoiva kama ya bibi arusi mwenyewe, kisha yakapanda tena kwenye mikono.

"Bakuli moja, siku moja, mutu mmoja," aliendelea Bertille. "Na wewe ulipakwa kabla ya Fatouma, ulipaswa kumshinda kwa weusi. Mi nilipoolewa na Djafari, nilinawa mapema nikapike, sikujua. Asubuhi mama mukwe alitazama viganja vyangu akaniambia hata saa niliyonawa. Hina inaiva kwa kukaa. Ya miguuni ulikaa nayo mpaka magharibi, maana ulitembea na sashé zako kimya kimya. Ya mikono uliiosha muda mfupi baada ya Gracieuse kukulaza. Ukafungua valizi, ukatia hereni moja mu sakoshi yake, ukavaa tena sashé tupu, ukalala. Jioni ukajipangusa peke yako bafuni, mutu asione hakuna cha kupangusa."

"Uongo," alisema Précieuse, lakini kwa sauti ndogo. "Walipekua mizigo yangu. Hawakuona kitu."

"Waliopekua ni wanaume. Daniella, lete sakoshi yake."

Daniella aliileta. Bertille alitoa kitana, chupa ya mafuta, Biblia ndogo, kisha pakiti ya pedi iliyofungwa kwa pini. Polisi wa jana bila shaka waliishika, wakairudisha mbio kwa haya. Alifungua pini. Katikati ya pedi, umeviringwa kwa pamba, ulilala mkufu wa Bibi Salha na bangili zake mbili na hereni ya pili.

Leila alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Fatouma alisema, "Mungu wangu," mara nyingi.

Précieuse hakulia safari hii. Alimtazama Leila kana kwamba wengine wote wameondoka.

"Tangu tuko batoto," alisema. "Ulisema: Précieuse, wewe njo utasimama na mimi. Tulikuwa tunacheza arusi na mapazia ya mama yako. Nilikushonea kila nguo. Ile ya Ijumaa pia, na mikono yangu. Kisha unatoa kikwembe mbele ya sahani, unapatia mutu unamujua miaka mitatu tu! Hukuniita hata pembeni kuniambia."

"Ungeniambia uliumia," alisema Leila.

"Nilipiga makofi. Ulitaka nifanye nini?"

"Kwa nini hukuweka vyote ndani ya sakoshi yake?" aliuliza Bertille.

"Namujua Leila. Kitu ikipatikana anasamehe. Angemusamehe jana ile ile, angemuachia na kikwembe." Alimeza mate. "Mi ningeipata Alhamisi. Ningesema nimeikuta mu muchanga, pale aliosha masufuria. Leila angeivaa. Angekumbuka ni nani aliipata."

"Na mimi?" aliuliza Gracieuse. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike. "Alhamisi mi ningekuwa wapi?"

Ilionekana wazi kwamba Précieuse hakuwa amelifikiria hilo. Daniella alimshika mkono akamwongoza hadi langoni, na Norbert, kwa mara ya kwanza katika siku mbili, akafungua lango bila kuitwa.

Leila alisimama, akaenda hadi mwisho wa mkeka, akapiga magoti.

"Masheri, nisamehe. Nilichanganyikiwa. Nisamehe, kwa jina ya Mungu."

"Nimekusamehe," alisema Gracieuse. Alisema bila hasira, na alimshika Leila bega ili asimame, kama mtu anavyomwinua mgonjwa.

"Basi turudie yote. Leo tunapika, tunakula, Mama Chadia anakuja kukupaka na wewe. Ijumaa unasimama na mimi. Nataka wewe."

Gracieuse alifikiri. Kila mtu aliona kwamba anafikiri kwa kweli, wala haringi.

"Leila, mi nilikaa mu ile chumba ya polisi usiku mzima, nasikiliza mulango. Kila mara unafunguka nasema: huyu ni Leila, anakuja kuniuliza, hata kunitukana, lakini anakuja. Mama huyu alikuja, mutu hanijui." Alijifunga kanga upya. "Musimamizi ni mutu unaamini na macho yamefungwa. Mupatie Fatouma. Jana ulilala ku bega yake, hakusogea."

Fatouma alianza kulia.

"Lakini utakuja?" aliuliza Leila. "Gracieuse, utakuja?"

"Nitakuja. Nitakula pilau yako, nitapiga vigelegele mpaka sauti ikauke. Nitaketi na wageni."

Gracieuse alishuka ngazi, akavaa viatu vyake, akamuuliza Bertille kama pikipiki ingeweza kumfikisha Katanika kabla mtoto hajalala.